Viboko Sita vya Mhina

Jumatatu, 3 Machi 1952

Nimeita majina ya darasa la nne. Bado nanyamaza kidogo nikifika mahali pa Hamza wangu. Alikuwa akiitika, "Nipo, Baba," wenzake wanacheka. Homa ilimchukua mwaka jana.

Saa ya shamba Mhina, mwanafunzi wangu, amempiga mwenzake Rashidi kwa mpini wa jembe. Mkono umevunjika. Lori lililobeba mahindi limempeleka hospitali, Korogwe.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu mkuu ameamua. Baba wa Mhina aitwe kutoka Sindeni, amchape mwanawe viboko sita mbele ya shule nzima. Asipochapwa, atafukuzwa. Ndiyo kawaida hapa.

Watoto wanasema Rashidi alimtukana mama wa Mhina.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee amefika kwa miguu, vumbi hadi magotini. Jambo la kwanza, amempangusa mwanawe pua kwa pindo la kanzu. Mvulana mkubwa vile, mvunja mikono ya wenzake.

Nilimwonea wivu hadi mate yakawa machungu. Yeye anaye wa kumwaibisha. Wangu hakuwahi kumpiga mtu, naye yuko chini ya udongo. Nimetamani mtoto afukuzwe, waende zao wote wawili, nisiwaone.

Ijumaa, 7 Machi

Mstarini mzee alipewa fimbo. Akaishika. Akairudisha.

"Nyumbani nitampiga. Hapa, watoto wakitazama, siwezi, Mwalimu."

Mwalimu mkuu akamwambia basi, amchukue mtoto wake. Mzee akainama kufunga kitambaa chake cha chakula. Hapo nikasema nitamchapa mimi, mwalimu wake wa darasa.

Nilikuwa sijapata kumchapa mtoto. Wote wamedhani ni huruma. Kiboko cha kwanza, labda. Vitano vilivyofuata vilikuwa wivu mtupu. Mhina hakulia. Muda wote alimtazama baba yake.

Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, Mwalimu. Umenisaidia kulea."

Sijala kitu leo.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hesabu za kugawanya.

Mhina amesoma akiwa amesimama. Kukaa bado kunamuuma. Nilimpelekea mto wa kiti changu. Ameukataa kwa adabu, macho chini.

"Ahsante, Mwalimu. Baba anakuja Jumamosi kunitazama."

Nikaurudisha kitini. Tukaendelea na hesabu.