Nimeifunga betri ya mama mkwe ili nimwone binti yake

Mpendwa Bi Mwanasiti, unicheke kwanza umalize, halafu unisaidie, maana Jumamosi ndiyo mwisho wangu.

Mimi ni fundi wa sola, miaka thelathini na moja, vifaa nanunua Luthuli, katikati ya Nairobi, lakini kazi zangu nyingi ziko huku Uthiru, na mwezi wa tano niliitwa kwa mama mmoja anayeoka keki za harusi, amechoshwa na stima kupotea keki ikiwa ndani ya oveni, nikamwekea paneli nane juu ya paa, inverta na betri moja kubwa, nikaviunganisha na stima ya kawaida sawasawa, mchana jua lifanye kazi, jioni stima isaidie, na stima ikipotea betri ishike hapo hapo. Siku ya kumaliza, binti yake Valarie akaniletea chai akaniuliza, "Na hii kitu ikiharibika tutakupata aje?" na hapo Bi Mwanasiti akili yangu ikaharibika kabla ya kitu chenyewe.

Nikarudi kwenye inverta kama mtu aliyesahau bisibisi, nikabadilisha mpangilio mmoja, sekunde tano tu, ili stima ikipotea betri isitoe chochote.

Tangu siku hiyo stima ikipotea nyumba inazima yote, betri imejaa pomoni na jua liko utosini, Mama ananipigia simu, dakika ishirini nimefika na pikipiki, napanda paa, nasugua paneli na soksi kuukuu nikiwa nimekunja uso, nashuka, narudisha mpangilio, taa zinawaka, Mama anasema "Asante Yesu," Valarie ananiandalia chai na chapati za moto, na stima ikisharudi, kabla sijaondoka, naufunga tena mpangilio. Nikiulizwa shida ni nini nasema inverta bado inazoea nyumba. Miezi mitatu nimepanda lile paa mara kumi na moja, mpaka Wachira, kinyozi wa jirani ambaye nimejaribu kumuuzia sola akakataa, akiniona huko juu huzima mashine yake ya kunyolea katikati ya kichwa cha mteja na kupaza sauti, "Fundi, uko hapa tena? Si wakujengee chumba huko!"

Mara moja tu mambo yalikuwa mabaya. Mwezi uliopita stima ilipotea Uthiru nzima na mimi nilikuwa kazini mbali, Lavington, nilipofika keki ya ngazi tatu ilikuwa imebonyea, Mama analia, nami nikampa pole na nikala kipande.

Sasa Valarie amenikubali. Juzi aliniambia, "Utaingia kwa mlango lini? Mimi nimechoka kukuona kwa paa." Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu sisi watu wa magharibi mwa Kenya mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe, ni mwiko, ni kama umemkanyaga kichwa, na mimi nimepanda mara kumi na moja nikijua ninachotafuta. Juu ya hayo Mama amekata tamaa na mimi. Ameniambia, "Mwanangu, wewe una heshima lakini kazi hujui. Jumamosi anakuja fundi mwingine, Lenox." Lenox nilisoma naye, atauona ule mpangilio kabla hajaweka mkoba chini, na mdomo wake hauna kifuniko. Je, nipite kwa siri niurekebishe kabla hajafika, ninyamaze kama maji mtungini? Nampenda Valarie, sitaki kumkosa.

Wako wa juu ya paa, Uthiru.

*

Okinyi (jina nimekubadilishia, ingawa mtaa mzima watakujua kwa hiyo soksi), nimeshamaliza kucheka. Kaa chini.

Wewe ni mwongo. Mama wa watu alinunua jua, betri na stima ili visaidiane, kimoja kikilala kingine kiamke, nawe ukavigombanisha kama wake wenza. Habari ya paa wazee wenu wataimaliza, na wakikutoza kuku toa bila kunung'unika, kwani ulipopanda hukuwa mkwe bado. Lakini keki sikusamehe! Mama analia, betri imejaa, dawa iko kwenye kidole chako, na kidole hicho hicho unakipeleka kwenye sahani. Huna haya?

Kupita kwa siri, sahau. Mficha uchi hazai, na wewe unataka kuzaa na Valarie. Ijumaa mchana nenda kwa miguu yako, shati safi, bila ngazi, ukiwa umebeba unga, mayai na siagi ya keki ya ngazi tatu. Mwambie Mama azime swichi kubwa ya stima kwa mkono wake. Nyumba ikizima, mwonyeshe mpangilio uliouchezea, urudishe mbele ya macho yake, taa ziwake. Kisha umweleze kwa nini. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na Jumapili umtume mjomba wako.

Sasa nikuulize, wewe unayejiita fundi. Wachira hana sola. Mara zote hizo uko juu unasugua, mashine yake ilikuwa inanguruma kwa nguvu ya nini, ugali? Laini ya stima ya mtaa ni moja, baba. Ukiacha siku ile ya keki, stima ya Uthiru ilikuwepo. Kuna mtu ndani ya nyumba ile alikuwa anazima swichi kubwa. Simtaji, mimi si mchongezi. Lakini unga wa chapati hukandwa mapema ukapumzishwa, nawe unafika baada ya dakika ishirini unazikuta za moto. Aliyekanda alijua utakuja kabla taa hazijazima.

Kwa hiyo kuogopa kukataliwa acha, ogopa kuchelewa, maana msichana amekuita mara kumi nawe unapita paani. Jumamosi Lenox akija, ngazi ni yake. Wewe ingia kwa mlango, na hiyo soksi usije nayo.