Sakafu ya Banda la Farasi

Biryogo, Kigali

Mjukuu wangu Idi,

Najua utacheka, maana umri wangu ni wa dada yako, lakini ukoo ni ukoo: mimi ni bibi yako. Hatujambo. Baba yako mdogo, Saidi wangu, anaota meno, nakuandikia yuko mgongoni.

Unasema farasi unayemtunza anachechemea na tajiri wako anataka kumchinja. Nilipokuwa msichana mdogo, baba yangu alitunza farasi wa Mzungu mmoja huko Kacyiru, na farasi huyo akaanza kuchechemea. Tulimhurumia, tukamfungia bandani apumzike, tukampaka mawese kwenye kwato. Akazidi kuchechemea.

Siku moja baba alipiga magoti akanusa nyasi zilizokuwa chini ya farasi.

“Tunamhurumia huku amesimama kwenye mkojo,” alisema. “Wewe ungepona humu?”

Tukatoa uchafu wote, tukatandika nyasi kavu. Baba akachokoa kwato, akazipunguza kidogo kidogo kwa tupa, na kila asubuhi tukamtembeza taratibu pakavu. Ilichukua muda, lakini alipona.

Ukwato ukiwa na joto au usaha, mwite daktari wa mifugo. Tajiri wako usibishane naye. Fagia banda leo, umtembeze farasi, halafu akianza kupata nafuu, mwite tajiri aje aone mwenyewe.

Bibi yako,
Mama Saidi