Pasi ya Mwalimu Gregori

Grasiana, acha hiyo chai unisome. Babu Mbaruku ametoboa siri sasa hivi mbele ya wakwe, na sijui nicheke au nikae matanga.

Enzi za Mwingereza alitoka kwao Handeni akasoma bweni Korogwe. Jumapili moja aliiba pasi ya umeme ya Mwalimu Gregori, akaigeuza uso juu, akawakaangia wenzake mayai. Fyuzi ikaungua. Mwalimu akaapa kwamba mwizi akipatikana atarudi kwao kuchunga mbuzi.

Kesho yake darasani: "Umeme wetu ni volti 220. Nani atanipigia hesabu ya wati za pasi yangu, na ukinzani wake?"

Grasiana, darasa zima likakuna vichwa!

Babu, bingwa wa fizikia, uvumilivu ukamshinda. Akaenda ubaoni kifua mbele. Ampea 4. 220 mara 4, wati 880. 220 gawa kwa 4, omu 55.

Wenzake wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga.

"Mbaruku mwanangu, mimi nimetaja volti tu. Hizo ampea nne umezitoa wapi?"

Ampea nne! Zimeandikwa kwenye kibati chini ya mpini, na huzisomi mpaka uishike pasi yenyewe. Babu akatazama mlango, Mwalimu kasimama hapo hapo. Akatazama walaji wa mayai, wote wameinamia madawati kama wako msibani.

"Nimekisia, Mwalimu."

"Basi kisia na saa ya basi la Handeni."

Na ukoo mzima tulikuwa tunaamini aliachishwa shule na malaria!