Mama Aliyerudi Kutoka Mtoni

Panauti, tarehe 4, mwezi wa Mangsir

Mwanangu Sarmila,

Hujambo huko Doha? Mimi kichwa kizima, miguu ndiyo imegoma. Hospitali wamenitoa tena, safari hii nikiwa macho. Mara ile walinitoa nimefunikwa kama maiti, mdogo wako Kedar akanipeleka mtoni kunichoma, kama desturi yetu. Alikuwa ameshanyoa nywele za msiba nilipokohoa! Mpaka leo ana kipara, maskini, na haniangalii usoni.

Daktari anataka mtu wa kuniogesha na kunigeuza kila siku, nisije nikaota vidonda nikafa kweli. Nitafutie, mwanangu. Hapa mtaani wananikimbia. Jirani kanirushia mchele wa kufukuzia mizimu: "Nenda zako, bibi, usituhangaishe!"

Mama yako


Doha, 11 Mangsir

Shikamoo Mama,

Pole sana. Nimempata muuguzi, Phulmaya, mtu wa mbali, habari za mto hazijui. Chondechonde, usimwambie. Kedar nimemsema mpaka simu ikakatika. Anajibu, "Dada, wewe hukuwepo." Kweli sikuwepo, na inaniuma. Nilikulilia huku peke yangu, Mama. Nilipoambiwa u hai, niliogopa kupokea simu yako.

Mwanao Sarmila


Panauti, 29 Mangsir

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Phulmaya alikuwa na mikono mizuri, jamani! Kanisugua mgongo, kanisuka, tukataniana. Kisha akaingia sebuleni, akaiona picha yangu imevishwa shada la marehemu. Kedar hathubutu kuliondoa. Binti wa watu hakurudi hata kuchukua viatu.

Basi Kedar akabaki yeye wa kunilisha. Juzi aliweka wali kwenye jani uani, namwona dirishani, vile tunavyowawekea wafu, akasubiri kunguru aje ale, ishara kwamba marehemu kapokea. Kunguru akashuka, akala wote. Sarmila, mwanangu wa kumzaa alilia kwa furaha! "Mama ameridhika," akasema, "amekwenda." Akafunga mlango wangu. Tangu hapo hajaufungua. Naita mpaka sauti inakauka. Namsikia ng'ambo ya ukuta anaomba dua.

Barua hii nitamtupia mtu wa maziwa kupitia dirishani. Yeye haogopi, ni mlevi.

Njoo, mwanangu. Ukifika, usisimame nje ukaniita na kusikiliza kwanza kama nitaitika. Najua nawe una woga. Ingia tu, unishike.

Mama yako