Wimbo Unaosema Nililetwa Kazini na Mume

Mpendwa Bodil, naomba msaada maana nakaribia kupasuka. Ijumaa natimiza miaka ishirini na mitano ya kuchomelea vyuma karakana ya meli hapa Frederikshavn, na kama ilivyo desturi kutakuwa na keki, bia na hotuba ya bosi, na wenzangu wamenitungia wimbo wa maisha yangu ya kazi, nikauona ukichapwa, na ubeti wa kwanza unasema nilikuwa nakata nywele saluni, nyundo sijui kuishika, mpaka mume wangu Carsten akanishika mkono akanileta karakanani, uongo mtupu, saluni niliiacha mwenyewe kwa kuwa ule moto wa karakana nilikuwa nauona dirishani na nikautaka, nikamwendea msimamizi akanifukuza, nikarudi, na Carsten alipoajiriwa hapohapo baadaye alinikuta tayari niko tumboni mwa meli nachomelea! Nikamuuliza Palle, mtunzi, akacheka: "Aa, Vibeke, mbona unawaka? Carsten ndiye kanihadithia, tena vina vimekaa vizuri." Carsten naye eti, "Mke wangu, miaka yote nimewaambia hivyo. Utaniumbua mbele za watu?" Nafikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo. Nifanyeje?
Vibeke

Vibeke, pole, lakini ugonjwa wa uongo sahau. Ukilala kitandani wataimba vilevile, na Jumatatu utakuwa mwanamke aliyeletwa kazini na mumewe. Unashika moto kila siku, leo unaogopa ubeti wa Palle? Niondolee!

Carsten si mtu mbaya. Aliona haya kutanguliwa na mkewe, akaigeuza hadithi, na kila alipoisimulia ikazidi kumpendeza. Namwelewa. Lakini aliyefukuzwa akarudi ni wewe, na fundi uliye leo ametoka hapo. Hilo halitolewi zawadi kwa mtu, hata mume.

Fanya hivi. Tunga ubeti mmoja kwa mahadhi yaleyale, uuchape, uuweke kwenye kila sahani kabla watu hawajaingia. Unatujua Wadenishi: tukiwekewa karatasi ya wimbo tunaimba, hata iwe bili ya umeme. Vina visipokaa, visikae. Wimbo wao ukiisha, gonga glasi, sema, "Kuna ubeti umesahauliwa," uanze wewe. Carsten mwambie leo, mkiwa wawili, asije akasema umemvizia. Akinuna, anune. Radhi usiombe.

Siku ya mazishi yako watakusimulia wapendavyo na hutajibu. Ijumaa bado una mdomo.
Bodil