Kigeuzo cha Mchangani

Kasingirima, Ujiji
10 Machi 2024

Mpwa wangu Carmen,

Mwakeye, za asubuhi. Huku tu wazima, ila magoti yangu, na hayo nimeshayazoea. Mama yako hajambo? Mwambie Esther kaka yake bado anamaliza samaki wa mgebuka mzima, asije akadhani nimekuwa mnyonge.

Binti yangu Regina anasema unalalamika kwamba sipokei simu zako. Simu inanichosha. Wewe niandikie, nami nitakuwa naandika kwenye karatasi, Regina apige picha akutumie. Barua haikatiki katikati ya maneno.

Nimeambiwa kanisa lenu huko Texas limekupa gitaa la chuma, lile la kulazwa kama meza, lenye pedali za dukani. Hongera. Mimi zangu nilizitengeneza kwa nyaya za breki za baiskeli na watu walicheza vilevile. Sasa nina ombi. Kile kipande cha mwisho wa ubeti, kinachourudisha wimbo mwanzo, tulichokiita kigeuzo, hakuna mwingine anakijua. Feliksi aliyeimba amekufa. Dismasi wa besi amekufa. Kanda zote zililowa ziwa lilipopanda, na ukumbi wetu wa pale ufukweni umeshaingia majini. Bendi ya Mawimbi Jazi sasa ni mimi peke yangu, na sitaki niondoke nacho.

Andika: do, la, re, sol, halafu urudi do. Chuma cha mkononi usikisogeze. Uzi wa kati unaanza na do. Ukifika la, kanyaga pedali ya kushoto nusu tu, do ipande kidogo. Ukifika re, kanyaga mpaka chini. Uzi wa pili unaushusha kwa kusukuma wenzo wa goti, kutoka sol kwenda fa mpaka mi. Mmoja unapanda, mwingine unashuka, zinapishana kama watu mlangoni. Jirekodi, nitumie, nitakusahihisha.

Mjomba wako,
Castory


Texas
24 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu. Sisi hatujambo. Baba Manariyo anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi. Mama anakusalimu na anasema wewe ni mwongo, Regina ameshamweleza unavyobakiza chakula.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa chini ya gitaa lako ukifanya mazoezi nyumbani? Nilikuwa naona miguu yako tu, ile ndala ya kushoto iliyokatika ikikanyaga pedali. Tulipohama nilikuwa bado mtoto na sikuwa nimekijua vizuri. Hapa nasafisha vyumba vya hoteli, Mjomba, na watu hawanioni. Nikikaa kwenye gitaa ndipo nakuwa mtu wa mahali fulani.

Mzee anayenifundisha hapa amesikiliza akasema mzunguko huo wa do, la, re, sol ni wa kawaida, wapiga jazi wote wanao. Nimemwambia wetu una kitu chake. Sijui kumweleza ni kitu gani. Sikiliza rekodi niliyokutumia, uniambie.

Mpwa wako,
Carmen


Kasingirima
14 Aprili 2024

Mpwa wangu Carmen,

Salamu nyingi, poleni na baridi. Huku mvua haikati na maji yamefika kwenye uzio wa jirani.

Nimekaa na muziki wako. Mguu wako mzuri, lakini unakimbilia sol. Ndivyo ulivyo tangu utotoni, ukitumwa chumvi unafika dukani kabla hujajua ulichotumwa. Tulia pale kwenye re. Rudia, na usinitumie mpaka uwe umetulia.

Mjomba wako,
Castory


Texas
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Habari za maji? Baba amepona kikohozi.

Nimefanya ulivyosema. Nimepiga kila nikitoka kazini, hata majirani wamegonga ukuta. Nimekutumia leo. Safari hii naona nimekipata, lakini mwenye masikio ya kusema hivyo ni wewe tu.

Mpwa wako,
Carmen


Kasingirima
16 Juni 2024

Mpwa wangu Carmen,

Wote huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Afadhali kidogo. Lakini bado, mama. Bado unakimbilia sol. Rudia.

Mjomba wako,
Castory


Texas
17 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za nyumbani kwanza, unisamehe.

Nimeifungua ile rekodi ya tarehe mbili ili nijue nimekosea wapi. Haina muziki. Waya haukuwa umeingia vizuri. Ni kimya kitupu, halafu mwishoni kabisa, nilipouchomoa, anasikika Mama akiuliza nani kachukua ufagio. Na wewe umeniandikia kwamba nimekimbilia sol.

Mjomba, unasikia?

Carmen


Kasingirima
25 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Salamu zako zote nilizipata, hata zile ulizompa Regina aniandikie ukutani kwa chaki. Nilikuwa na hasira. Sasa zimeisha, imebaki aibu.

Sisikii. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata mwaka jana. Daktari alinitazama, akaandika kwenye karatasi kwamba halitarudi. Nilimkataza Regina kuwaambia. Makosa niliyokuwa nakusahihisha ni yale ya utoto wako, maana ndiyo ya mwisho niliyoyasikia. Niliona nikinyamaza utaacha kuniuliza, na nisipoulizwa kitu na mtu mimi nitabaki nani? Ukikasirika una haki.

Lakini nimekumbuka jambo. Wewe hukuwahi kuingia ukumbini, watoto walikuwa wanafukuzwa. Watu hawakucheza mahali pamoja. Walizunguka ukumbi kwa kutembea, wawili wawili, na kigeuzo kikilia wote waligeuka na kuzunguka upande mwingine. Hakuna aliyewaamrisha. Nikipiga vibaya, nusu waligeuka na nusu wakaendelea, wakagongana na kunitukana. Kwa hiyo kuna masikio mengine. Marcelina, mjane wa Feliksi, bado yupo hapa Kasingirima. Hatembei vizuri, ila alikuwa wa kwanza kugeuka siku zote.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwake. Regina akafungua ile rekodi yako ya Machi, mimi nikakaa chini natazama miguu ya Marcelina. Ilikuwa inatikisika vizuri, inafuata. Kigeuzo kilipofika, Regina akaniinulia kidole. Miguu haikugeuka.

Nilimwomba Regina amuulize. Marcelina alicheka, akasema, naye Regina akaniandikia: "Huyo mtoto anapiga kwenye sakafu."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima kabla ya kuelewa. Ukumbi wetu haukuwa na saruji, Carmen. Ulikuwa mchanga wa ziwa, unazama mpaka kwenye kifundo. Mtu akitaka kugeuka lazima kwanza auchomoe mguu. Mimi nilikuwa nawasubiri pale kwenye sol, naachia pedali kidogo kidogo mpaka nione visigino vimetoka, na sikuwahi kujua kwamba nasubiri. Tangu mwanzo nilipaswa kukwambia uchelewe, nami sikujua uchelewe kiasi gani. Nilikuwa natazama miguu yao tu.

Mjomba wako,
Castory


Texas
10 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sikukasirika. Nililia, kisha nikakasirika kidogo, kisha nikakukumbuka. Mama naye amelia, anasema angekupigia simu akutukane lakini sasa itakuwa kazi bure. Hapo tukacheka, utusamehe.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta mchanga. Karibu na kwetu kuna uwanja wa kuchezea watoto, wenye shimo la mchanga. Nilikuwa nakwenda asubuhi kabla ya kazi, navua viatu kwenye baridi hii, natembea nikiimba na kugeuka. Mama mmoja aliondoa watoto wake. Mchanga wa huku ni mkavu na si mwingi, nikaumwagia maji ya chupa. Nikajifunza mguu unatoka lini. Halafu nikarudi kwenye gitaa nikafumba macho na kuungoja.

Waya nimeukagua. Mpelekee Marcelina. Kama si hivi, sijui tena nifanye nini.

Mpwa wako,
Carmen


Kasingirima
1 Desemba 2024

Mpwa wangu Carmen,

Nawasalimu wewe, mama yako na baba yako Manariyo. Mimi mzima wa mwili. Regina anasema mvua inapiga bati sana, nami naiona dirishani tu.

Barua yako ilipofika Marcelina alikuwa hainuki tena. Figo, wanasema. Sikutaka kumsumbua, lakini binti yake alimuuliza, naye akakubali kwa kichwa. Walimwekea simu kwenye mto karibu na sikio. Alikuwa amefumba macho, amefunikwa kitenge mpaka kifuani. Mimi nilikaa upande wa miguu.

Nilimkataza Regina asiniinulie kidole. Nilitaka nione mwenyewe.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Nikadhani amelala, nikakuhurumia. Kisha kitenge kikasogea. Mguu wa kulia ulijivuta nyuma kidogo, kwa shida, kama kuna kitu kimeushika, ukatoka, ukageukia ukutani. Wa kushoto ukaufuata. Ubeti wa pili ukaisha ikawa vilevile, miguu ikarudi upande wangu.

Tulimzika Alhamisi. Feliksi amelala pale pale, na maji bado yako mbali na makaburi.

Sasa hakuna mwingine wa kukuambia umekosea, na mimi sitajua milele ulipiga vipi. Unaposikia wewe ndipo penyewe. Usibadilishe kitu.

Mjomba wako,
Castory