Kufuli Tatu, Karatasi Moja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana siku hizi nasali nje ya ukuta wa kanisa kama mtu asiye safi, mimi mtunza vitabu wa kanisa letu huku Gojjam, ambako ghala la vitabu vya ngozi lina kufuli tatu, ufunguo mmoja ni wangu, wa pili wa kasisi wetu Aba Zerihun, wa tatu wa Mama Yeshimebet aliyechaguliwa na waumini, na halifunguliwi mpaka tuwepo wote, lakini mwaka juzi walikuja wageni wa chuo kikuu cha ng'ambo na kamera zao, wakaniita profesa, kichwa kikavimba, nikawadanganya wenzangu kuwa nataka kuanika vitabu, wakanipa funguo, wageni wakapiga picha kila ukurasa, nami nikatia sahihi karatasi nisiyoisoma, nikijifariji kwamba hakuna kitabu kilichotoka.

Sasa panya wametafuna nyimbo za mtakatifu wetu, nimeomba picha, chuo kinasema ni mali yake na hakitoi kwa asiye mtafiti. Jana Aba kaniuliza, "Mwanangu, sikukuu imebaki wiki tatu, tutaimba nini?" Mama Yeshimebet akadakia, "Muulize panya, Aba, ndiye aliyesoma mwisho!" Nami nikacheka nao, mshauri. Nikacheka! Niseme au ninyamaze?

Mwenye Ufunguo

Ndugu Mwenye Ufunguo,

Panya kala kurasa chache, wewe umetoa ghala zima. Ngozi ilibaki, maneno yakaondoka. Na hao wageni wanaopiga picha urithi wa watu kisha wanawafungia mlango wenye mali, wana tofauti gani na waliopora vitabu vyetu zamani wakavibeba kwa nyumbu? Tofauti ni nyumbu tu!

Pole, lakini. Kicheko kile kimekuchoma, maana yake bado una haya.

Leo hii waite Aba na Mama, weka ufunguo mezani, useme yote. Mama atakutukana, mwache amalize. Kisha kiandikieni chuo barua yenye sahihi tatu na muhuri: mmoja peke yake hakuwa na mamlaka ya kuruhusu, picha zote zirudi, na asizitazame mtu bila idhini yenu. Wakikaa kimya wiki moja, niletee nakala, nitaichapa hapa gazetini kwa herufi kubwa. Sipingi kamera. Ila picha zikifika, zikae nyuma ya kufuli zile zile tatu.

Ufunguo wako usiuombe. Wenzako wakikurudishia, pokea kwa mikono miwili. Wasipokurudishia, siku ya sikukuu ingia ndani, uimbe unachokikumbuka.